Wasiopungua Saba

Novemba 14

Mvua ya kwanza ya maana imenyesha tangu alfajiri. Kijiji kizima kiko shambani kinapanda pamba, isipokuwa sisi wa Baraza.

Hili ni daftari langu la pili. La kwanza, lenye jalada jekundu, ni la Baraza Kuu la sungusungu, ulinzi wa jadi wa kijiji, nami ni katibu wake kwa sababu mwandiko wangu unasomeka. Humo naandika kilichoamuliwa. Humu nitaandika kilichotendeka, maana naona siku hizi hivyo si kitu kimoja.

Baraza Kuu ndilo la mwisho hapa kijijini. Ukishindwa pale, huna pa kukata rufaa. Wajumbe ni saba. Kila mmoja huja na kigoda chake kutoka nyumbani, wanakaa duara nyuma ya ghala la pamba, na kabla ya neno lolote kamanda huwahesabu kwa sauti. Kamanda ni Masunga, niliyemfundisha hesabu darasa la tatu. Mtoto yule alikuwa akiruka kumi na nne: kumi na mbili, kumi na tatu, kumi na tano! Nilimchapa muhula mzima mpaka akaacha. Leo alipofika saba nilimtania, "Hongera, Masunga," akatabasamu chini chini.

Kesi ilikuwa ya maksai wawili wa Mboje waliopotea wiki hii ya kulima. Mboje ndiye mtemi wa sungusungu. Mtemi hapigi kura, ila ndiye anayeteua wajumbe. Anamtuhumu Josia, mtoto wa marehemu kaka yake. Josia na mama yake Milembe ndio wenye nyumba ninayopanga, na shamba lao la mpunga kule mbugani Mboje amelitolea macho tangu siku ya msiba.

Salu, mmoja wa wajumbe saba, alisema maneno mengi kama kawaida yake. Ni fundi wa plau, ananuka grisi, na akishika neno haliachi. Simpendi sana. Lakini leo alisema jambo. "Nyayo za ng'ombe zimeelekea Meatu. Kijana huyu alikuwa kwangu siku mbili ananishikia chuma. Sasa aliiba kwa mkono upi?"

Kura nne kwa tatu. Josia yuko huru. Milembe amenipikia ugali na mlenda, tumecheka.

Novemba 17

Nitaandika yote.

Mboje aliitisha Baraza upya. Akaniambia, "Mwalimu Domitila, tusomee ibara ya tisa."

Nilisoma: Baraza Kuu litakuwa na wajumbe wasiopungua saba.

"Wasiopungua saba," akarudia. "Tisa wanapungua saba?"

"Hapana, mtemi."

"Umefundisha hesabu vizuri." Akawaita wanaume wawili waliokuwa wamesimama pembeni na vigoda vyao tayari.

Ibara ile niliiandika mimi. Miaka minne iliyopita waliniomba niwaandikie katiba, nami nikaazima nakala ya Katiba ya nchi nione wakubwa wanaandikaje. Nikakuta inasema majaji wa Rufani wasiopungua wanne. Nikaipenda. Nikabadili namba tu. Haikunipitikia kabisa kuuliza wasizidi wangapi. Mwalimu wa hesabu mzima, nimeweka sakafu nikasahau paa!

Kura tano kwa nne. Josia ni mwizi. Viboko sitini.

Walimfunga kwenye nguzo ya mizani ya pamba. Vijana wanne walipokezana fimbo mbichi, na Masunga alihesabu. Kufikia ishirini shati lilikuwa limeingia ndani ya nyama. Kwenye ishirini na sita fimbo ilikatika na ncha yake ikamwingia Josia jichoni. Alipiga kelele ambayo sijawahi kuisikia kwa mtu. Nilidhani wataacha. Waliokota fimbo nyingine. Masunga aliendelea kuhesabu mpaka sitini na hakuruka hata moja. Nami nilikuwa nimeketi na kalamu.

Novemba 18

Tumempeleka Josia hospitali mjini, Somanda, juu ya bodaboda, mimi nyuma nimemkumbatia asianguke. Wakataka PF3. Bila fomu ya polisi hawamgusi mtu aliyepigwa. Milembe akakimbia kituoni, na kituoni wakamuuliza ni nani aliyempiga. Akataja. Wote, kwa majina, na jina la shemeji yake akalitanguliza.

Novemba 21

Josia amefariki saa nne asubuhi. Figo.

Novemba 23

Tumemzika uani, hatua kumi kutoka mlango wangu. Mboje alikuja kuzika. Alitupa udongo wake kwa mkono wa kulia kama mtu mwenye haki zote.

Desemba 2

Polisi walikuja, wakachukua vijana watatu, na leo vijana wamerudi wanapigiwa vigelegele. Ukimtoa Milembe, hakuna shahidi aliyejitokeza. Askari aliniuliza na mimi. Nikamwambia siku ile nilikuwa nasahihisha madaftari.

Nimeandika sentensi hiyo na sasa naitazama. Milembe hakuniuliza kitu. Ameniletea maji ya kuoga kama kila siku.

Desemba 9

Maksai wa Mboje wamepatikana! Walikuwa Mwandoya, wamejichanganya na kundi la mtu, wananenepa. Mchuuzi mmoja wa ng'ombe aliijua alama yao ya sikio akawarudisha. Wamepita hapa mchana wakitafuna, na Milembe alitoka nje akawatazama hadi wakapotea.

Salu akaitisha Baraza. Anataka Mboje alipe ng'ombe wa damu kwa Milembe na avuliwe utemi. Hata wale wawili wapya waliona aibu. Kura sita kwa tatu dhidi ya Mboje.

Mboje alisimama taratibu. "Kesho tutamalizia," akasema.

Desemba 10

Ameongeza wanne. Sasa ni kumi na watatu. Kura saba kwa sita, Mboje halipi kitu.

Nyanda, mmoja wa wale sita, alipofika nyumbani alikuta nyumba yake inawaka. Mchana kweupe, watu wanaangalia. Mkewe alitoka na mtoto mgongoni, nywele zimeungua. Ng'ombe wao jike aliyekuwa amefungwa hakutoka.

Desemba 25

Milembe amepika wali. Hakula.

Januari 8

Shule imefunguliwa. Pamba imefika magotini. Baraza limefika kumi na watano. Mboje anasema wawili hao ni wa akiba.

Januari 19

Palizi.

Februari 3

Salu alikuja shuleni wakati wa mapumziko, akakaa kwenye dawati la mtoto, magoti yamemfika kidevuni. "Mwangaluka, mayu," akanisalimu kwa Kisukuma kama mama, kisha akanyamaza. Salu kunyamaza!

Nikamuuliza ana nini.

"Nimefikiri. Tukimpinga mtu mmoja mmoja, watatumaliza. Shida si hao watu. Shida ni ile namba yako haina mfuniko."

"Najua," nikamwambia. Na nikajikuta nalia mbele ya fundi wa plau, jambo ambalo sikulipanga.

"Acha hayo. Machi kuna mkutano mkuu. Katiba inabadilishwa na kijiji kizima, si Mboje. Twende kwa watu. Tuseme wajumbe saba, basi. Asiweze kuongeza hata paka."

Tumekubaliana. Yeye atapita kwa wanaume, mimi kwa wanawake. Nilikuwa nikidhani Salu anapenda kusikia sauti yake. Leo nimeona ni mtu anayeogopa kama mimi, ila yeye hutembea akiwa anaogopa.

Februari 11

Nyumba kumi na tisa. Wanawake wanaitika kwa macho.

Februari 20

Vijana sita walimfuata Salu karakanani kwake. Waliuweka mkono wake wa kushoto juu ya fuawe lake mwenyewe, wakatumia nyundo yake. Vidole viwili. Wakamwuliza kama bado anataka kuhesabu wajumbe.

Nilimkuta ameufunga mkono kwa kitambaa cha chandarua, damu inachuruzika hadi kwenye kiwiko. Nikamwambia tuache. Nilisema kwa moyo wote, nikamshika shati.

"Vimebaki vitatu," akasema. "Kigoda nitakibeba."

Machi 15

Mkutano mkuu. Uwanja wa shule ulijaa, wanaume na pinde zao, wanawake upande wa choo kama kawaida. Nilisimama nikasoma pendekezo letu: wajumbe saba, wasizidi. Watu walianza kuguna kwa kukubali. Niliuona mkono wa kwanza ukipanda, wa mke wa Nyanda, na kichwa chake bado kina makovu.

Mboje akasimama kabla sijaomba kura. Akatabasamu.

"Mwalimu ana haki. Namba ibanwe. Hata mimi nimechoka kuongeza watu. Lakini tutawafukuza nani? Waliopo wameapa. Ibanwe hapo ilipo. Kumi na watano! Mtu yeyote asije akaongeza wala kupunguza, hata nikifa."

Vijana wake wakapiga filimbi. Mikono ikanyanyuka, ya woga na ya dhati, sikuweza kuitenganisha. Sisi tulitaka kumfungia mlango, naye akaufunga akiwa ndani na watu wake.

Akaniamuru niandike palepale. Niliandika polepole:

Wajumbe wa Baraza Kuu watakuwa kumi na watano. Hawatazidi wala hawatapungua. Baraza lisilotimia halitahukumu. Nafasi ikiwa wazi itajazwa na mkutano mkuu peke yake, baada ya mavuno.

Nilipoisoma, Mboje aliipenda. Aliirudia, "hawatazidi wala hawatapungua," kama mtu anayeonja asali. Upinde ukalazwa chini, na kila mwanamume akauruka akiapa kwamba anayevunja ibara hii mishale ya kijiji ni yake. Mboje aliruka wa kwanza. Masunga wa pili.

Wakati watu wanatawanyika Salu alinisogelea. "Mwalimu, umeandika hawatapungua. Mmoja akikosa?"

"Baraza halikai."

"Hata kama wengine kumi na wanne wamekubaliana?"

"Halikai, Salu."

Akaangalia mkono wake uliofungwa, kisha akacheka kidogo, akanishukuru. "Wabeja, mayu. Nimeelewa."

Sikuuliza ameelewa nini. Nilikuwa na hasira, nilitaka kwenda kulala.

Aprili 4

Mvua. Barabara ya Ngulyati haipitiki.

Aprili 17

Mvua. Vitumba vya pamba vinaoza upande wa chini. Mboje amepeleka jembe kwenye shamba la Milembe la mpunga bila kuuliza mtu. Milembe alikwenda akasimama mbele ya maksai, walewale wawili. Wakamsukuma kwenye tope. Alirudi amepasuka mdomo, akaosha, akaanza kuchambua maharage.

Mei 6

Imekuja. Milembe ameshtakiwa kwa kuuza siri ya kijiji, maana yake ile PF3. Adhabu yake katika katiba ni kukabidhiwa vijana. Hilo neno sikulitunga mimi, lilikuwapo kabla yangu katika mila yao, nililinakili tu. Tangu nije hapa amekabidhiwa mtu mmoja tu, mwizi wa ng'ombe kutoka mbali, na tulimkuta asubuhi amejaa mishale. Kwa wajumbe wa Mboje, na mmoja wa wale sita aliyeogopa, kura ni kumi kwa tano. Hakuna haja ya kupiga.

Nimemwambia Milembe aondoke. Barabara zina walinzi wenye filimbi, lakini tungejaribu kupita mashambani.

"Nimwache Josia na nani?" akasema, akionyesha kaburi kwa kidevu.

Mei 12

Siku ya hukumu. Vigoda kumi na vinne. Salu hayupo, karakana imefungwa, baiskeli haipo.

Mboje aliona kabla Masunga hajafungua mdomo. "Hakuna kuhesabu leo," akasema. "Mleteni Salu."

Na hapo ndipo nilipoelewa Salu alichoelewa Machi. Mavuno yataisha Julai. Mpaka Julai, mtu mmoja akikosa, Milembe anaishi. Nilifurahi, Mungu anisamehe, nilifurahi kama mtoto. Halafu nikasikia filimbi zikianza, moja, mbili, kisha kila upande, na mwano, ukelele wa hatari, ukapigwa kilima hadi kilima.

Mei 13

Wanamtafuta. Shuleni watoto hawasomi, wanasikiliza filimbi.

Mei 14

Wanamtafuta. Wamempiga mke wake kwa ubapa wa panga mgongoni mpaka akazimia. Hajui alipo, na hakika hajui.

Mei 16

Walimpata jana kwenye mtama, upande wa mto. Leo saa tano asubuhi walimleta Barazani.

Waliokuja naye walikuwa wamembeba juu ya kitanda cha kamba. Uso ulikuwa umevimba hata nikamtambua kwa ule mkono tu. Miguu yote miwili ilikuwa imevunjwa chini ya goti, mfupa mmoja uko nje. Kigoda chake kilikuwa kimeletwa tayari. Wakamkalisha, vijana wawili wakamshika mabega ili asianguke, na kichwa chake kikalala kifuani. Damu ilikuwa ikidondoka kutoka puani, kisha nikaona haidondoki tena.

Milembe alikuwa katikati ya duara, amepiga magoti, mikono imefungwa kwa katani. Nyuma yake vijana wameshika pinde.

"Tumetimia," Mboje akasema. "Kamanda, hesabu."

Masunga akaanza. Alikuwa akimgusa kila mjumbe begani. Moja. Mbili. Tatu. Mizani ya pamba ilikuwa ikilia kwa upepo. Salu alikuwa wa kumi na nne katika duara. Masunga akafika kumi na tatu, kisha akasimama mbele yake.

Nilijua anachoweza kufanya. Angemgusa bega akasema kumi na nne, akaenda kwa yule wa mwisho. Au angeruka tu, kama zamani: kumi na tatu, kumi na tano. Ni jambo dogo, na hakuna ambaye angemlaumu.

Aliinama. Akaweka kiganja mbele ya mdomo wa Salu. Akakaa hivyo muda, mpaka mtu akakohoa.

Akanyanyuka, akampita Salu bila kumgusa, akaweka mkono kwenye bega la mjumbe wa mwisho.

"Kumi na nne."

"Hesabu tena," Mboje akasema. "Huyo Salu amelewa tu."

Masunga akarudi mwanzo. Moja. Mbili. Sauti yake ilikuwa inakatika. Alipofika kwa Salu akampita tena. "Kumi na nne."

Mboje alimpiga Masunga usoni kwa mpini wa mkuki, jino likaruka. "Hesabu, mwana wa mbwa!"

Masunga akatema damu, akahesabu mara ya tatu, na ile namba ya mwisho aliisema kwa kelele, kama watoto wangu wanavyoitikia darasani: "KUMI NA NNE!" Kisha akageukia watu. "Tuliruka upinde wote. Mtemi ndiye wa kwanza. Baraza halijatimia. Anayetaka kuhukumu, haya, mishale iko hapa."

Nyanda akanyanyuka, akachukua kigoda chake, akaondoka. Kisha mwingine. Kisha hata wale wa akiba. Vijana wa pinde walitazamana, wakamtazama kamanda wao, wakashusha. Mboje alikuwa akipiga kelele kwa migongo ya watu.

Nilimfungua Milembe kwa mkasi wa shule. Alivua kitenge chake cha juu, akakitandaza juu ya Salu, kichwa mpaka magoti. Miguu haikutosha, akaifunika kwa majani ya mtama yaliyokuwa kitandani.

Katika daftari jekundu nimeandika: Waliohudhuria, kumi na wanne. Baraza halikutimia. Baraza halikuhukumu.

Saa kumi jioni Masunga alikuja hapa nyumbani. Alisimama mlangoni, mdomo umevimba, hakutaka kukaa. Mtu mzima mwenye watoto watatu, aliyehesabu viboko sitini vya Josia, alinitazama kama aliyesubiri fimbo.

"Mwalimu," akasema, "nimehesabu sawa?"

"Umehesabu sawa, Masunga."

Akalia. Nikamwacha alie. Mimi ndiye niliyeandika maneno yaliyomuua Salu, na mimi ndiye niliyeandika yaliyomwacha Milembe hai, na ni maneno yaleyale. Sitafuti tena namna ya kuyatenganisha.

Mei 17

Tunaondoka sasa kwenda mjini, watatu kwa pikipiki mbili: Milembe, Masunga na mimi. Nimechukua madaftari yote mawili. Masunga anasema atataja kila mtu, akianza na yeye mwenyewe. Askari akiniuliza siku ile nilikuwa wapi, nitamjibu: nilikuwapo, nilikuwa nimekaa na kalamu.